Aliyefanya Usiku Haamshwi

Armelle alikuwa anakoroma, na dada yake Emérence alifurahi. Alisimama nje ya chumba kidogo cha juu na beseni la nguo kiunoni, akausikiliza ule mkoromo mzito unaopanda, unaokatika, kisha unaoanza upya, akasema moyoni, leo amepata. Siku nyingi sasa Armelle alikuwa anarudi kutoka kusafisha ofisi za mjini jua likichomoza, anavua sare, anajitupa kitandani na kukodolea macho dari mpaka saa ya kurudi kazini. Leo alikuwa analala kama watu wengine.

Katika nyumba ile ya halmashauri, Tottenham, palikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko hata zile za Biblia ambazo baba wa familia alizisoma kwa sauti kila Jumapili: aliyefanya usiku haamshwi. Wote walikuwa wameonja kazi hiyo. Emérence alikuwa anageuza wazee vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee, na mumewe Kizito anaosha mabasi gerejini. Mmoja akilala mchana, simu zinazimwa sauti, mlango wa jiko unafungwa, na mgeni akibisha hodi anajibiwa kwa kidole mdomoni. Ulikuwa ndio upendo wao, na ulikuwa upendo wa kweli.

Emérence aliteremka ngazi akinyata. Kizito alikuwa mezani na redio, amevaa suruali ya kazini na shati la kanisani, maana alikuwa shemasi na siku hizi mchungaji alimtuma kila mahali.

"Papa Noëlla, punguza hiyo redio. Armelle analala."

"Namusikia toka hapa. Anakoroma sawa trakta."

"Acha akorome. Hajalala toka juzi."

Kizito akapunguza redio. Mbele yake zilikuwepo karatasi za sahihi za kanisa. Halmashauri ilikuwa imeleta gari jeupe linaloegeshwa karibu na kanisa lao kila Alhamisi, likigawa sindano safi na dawa ya kuwazindua waliozidiwa na madawa ya kulevya, tena ikaomba ukumbi wa kanisa wa kufundishia watu namna ya kuitumia dawa hiyo. Mchungaji Gires alikataa ukumbi siku hiyohiyo, na sasa alitaka gari nalo liondoke. Kizito alikuwa ameahidi kuleta sahihi nyingi kuliko mashemasi wote.

Baadaye mkoromo ulikoma. Emérence aliyekuwa akianika nguo aliona ni vizuri zaidi: usingizi umekolea. Alipopanda na kikombe cha chai ya maziwa, alasiri, aliita jina la mdogo wake taratibu, kama alivyoliita walipokuwa wanalala mkeka mmoja. Akamshika mguu ulioning'inia nje ya shuka. Mguu ulikuwa baridi, na midomo imekuwa rangi ya majivu.

Asilaumiwe mapema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kufa huku anakoroma, kwamba mkoromo wa namna ile ni pumzi inayotafuta njia na kuikosa. Mabango yalikuwepo, ndiyo, yamebandikwa kila kituo cha basi. Lakini aliyechorwa kwenye mabango hayo ni kijana aliyefunika uso kwa kofia ya jaketi, amekaa chini ya daraja. Hakuchorwa mwanamke wa makamo mwenye funguo za ofisi za watu shingoni na mikono inayonuka sabuni ya vyoo. Waliochora walijua wanamtafuta nani, na Armelle hakuwa huyo.


Watu wa ambulensi walifika, wakafanya waliyofanya, wakaacha. Baada yao wakaja polisi wawili, mwanamke na mwanamume, wapole sana. Upole huo ndio uliomtisha Emérence, kwa kuwa kila alipojibu kwa upole uleule, mmoja wao aliandika.

"Did she take anything?" aliuliza yule mwanamke.

"Tension," alisema Kizito haraka. "Blood pressure. Only that."

Emérence alikunja mikono kifuani. Kipande cha vidonge alichokikuta chini ya mto alikuwa amekitia kwenye sidiria kabla watu wa ambulensi hawajapiga kengele ya mlango, na sasa kilimchoma kila alipovuta pumzi.

"And she lived here? Is she on the tenancy?"

Kizito alimtazama mkewe. Jina la Armelle halikuwa kwenye mkataba wa nyumba. Angekuwa kwenye mkataba, wangetakiwa kueleza mambo mengi.

"Visitor," alisema Kizito.

Basi Armelle, aliyelala katika chumba kile miaka, aliyekinunulia pazia na kukipaka rangi kwa mkono wake, alikufa mchana na kufanywa mgeni kabla ya jioni. Emérence alilisikia neno hilo na kulimeza. Lilipita vibaya.

Noëlla, binti yao wa pekee, alifika na sare ya duka la dawa la bwana Tushar, alikokuwa akifanya kazi kaunta. Polisi walikuwa wameshaondoka, na mwili umeshachukuliwa. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa, mama mdogo alimeza nini.

"Ilikuwa tension," Kizito alijibu.

"Dad, I do her prescriptions. Tantine never had tension."

"Umekuwa daktari?"

"Mum said her lips were grey. She was snoring. You told me yourself she was snoring, on the phone, you thought it was funny. I had the spray. I had it in my bag, right there in the hallway, and you made me take it back."

Hilo lilikuwa kweli. Tushar alikuwa amewafundisha wafanyakazi wake wote namna ya kutumia naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu ambaye pumzi zinamwishia, na kila mmoja akapewa boksi lake bure. Noëlla alilileta nyumbani. Kizito aliliona, akasema dawa ya badrogué, watu wa madawa ya kulevya, haitakaa mu nyumba ya shemasi, watu wakiiona watasema nini. Noëlla alibishana naye siku mbili, kisha akalirudisha kwenye kabati la kazini.

Kizito aliinua mkono. Hakumpiga. Mkono ulibaki hewani, kisha ukarudi chini, na baba na binti wakatazamana kwa chuki ambayo hakuna kati yao aliyejua ilikuwa kubwa kiasi hicho.

"Batu bakikuuliza," alisema, "ni tension."


Na watu waliuliza, wakajibiwa hivyo. Matanga yalikaa. Viti vya plastiki vya kanisa vilijaa sebuleni mpaka kwenye varanda, akina mama wa kwaya wakaleta fufu na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, na kila aliyeingia alipewa uongo uleule pamoja na chai. Tension. Kazi ya usiku. Mungu amempenda.

Siku ya tatu Noëlla alimfuata mama yake jikoni na kufunga mlango.

"Mama. Tell me."

Emérence alikuwa anaparua masizi kwenye sufuria. Aliparua mpaka hapakuwa na masizi tena. Ndipo alipoingiza mkono kifuani, akatoa kile kipande, akakiweka mezani. Vidonge viwili vya bluu katika karatasi ya fedha iliyokatwa ovyo pembeni.

"Ni vya kulala tu," alisema. "Ile jina ya nyuma ni ya dawa ya daktari. Uisome."

"It's fake. Anyone can print that."

"Miye nitajuaje?"

Angejuaje kweli. Armelle alikuwa ameenda kwa daktari wake, akaambiwa azime simu kabla ya kulala na asinywe kahawa jioni, yeye ambaye jioni ndiyo asubuhi yake. Kisha kazini akasikia kuna kijana karibu na soko anauza vocha za simu, krimu za uso na vidonge vya usingizi. Vidonge vikamlaza. Akamwambia dada yake, na dada yake akawaambia wengine, kwa kuwa katika kwaya ile karibu nusu ya akina mama walikuwa wanafanya usiku na hakuna aliyekuwa analala. Kanisani kwao watu waligawana kila kitu: sukari, masufuria, sare za shule za watoto waliokua, dawa ya tumbo iliyotoka Bukavu ndani ya soksi. Baada ya ibada, katika jiko la kanisa, Armelle alileta vidonge, na Emérence akachukua mkasi wa kukatia mapezi ya samaki, akavikata vipande vipande, akamfungia kila mmoja chake ndani ya kitambaa cha karatasi. Hata yeye alijiwekea. Alikuwa hajavimeza tu kwa sababu wiki ile alipangiwa zamu ya mchana.

"Nani anavyo?"

"Bamama."

"Which ones?"

"Nitawaita miye mwenyewe."

"Mama, listen." Noëlla aliketi, akamshika mikono yenye povu. Akaeleza kama alivyoelezwa na Tushar: siku hizi vidonge hivi vinachanganywa na kitu kilichopikwa maabara, kikali kuliko heroini, na anayevitengeneza hapimi. Kidonge kimoja kina punje, cha pembeni yake kina rundo. Unaweza kumeza leo ukalala vizuri, kesho ukameza kutoka karatasi hiyohiyo ukafa. Kuna mahali wanavipima. Wakijua kilichomo, wanatangaza, watu wanaonywa.

"Na polisi?"

"I don't know."

"Unajua ao haujue?"

"Sijui, Mama," alisema Noëlla kwa Kiswahili, na Emérence akamwamini.

Walipiga simu pamoja kwenye ile namba iliyoandikwa chini ya mabango. Akapokea mwanamke mwenye sauti tamu. Noëlla akauliza: mtu akileta vidonge alivyogawia wenzake bila kujua, ataulizwa alivitoa wapi? Sauti tamu ikasema wao hawaulizi jina. Na polisi? Sauti ikasema haiwezi kusema kwa niaba ya polisi. Basi. Nchi nzima inabandika mabango kwamba sema, usiogope, kusema kunaokoa maisha, halafu hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayeweza kuahidi kwamba atakayesema atarudi kulala kwake. Inatia hasira, na Noëlla alikata simu bila kushukuru.

Kizito alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua alisimama tangu lini.

"Kugawa ni kuuza," alisema taratibu. "Sheria ya hapa haiulize kama ulipata faida. Unajua tuko tunangoja jibu ya makaratasi yetu kutoka uhamiaji, Croydon. Bataangalia kama tuko batu bazuri. Weye unataka kwenda kubaambia weye, bibi yangu, ulikata madawa na mkasi mu jiko ya kanisa?"

"Bamama batakufa, Papa Noëlla."

"Baambie mu simu, moja moja. Na usiandike kitu. Maandishi ni ushahidi."

Hata katika woga wake alikuwa amefikiria vizuri. Hilo ndilo linaloudhi kwa watu kama Kizito. Alikuwa amelala kambini, akalala hosteli, akasimama kwenye foleni za Croydon mvua ikimnyea, na kila alichokipata nchi hii alikipata kwa kunyamaza mahali pa kunyamaza. Sasa hakujua namna nyingine ya kuwa baba.


Emérence alifunga mlango wa chumba cha Armelle, akakaa kwenye kitanda kisicho na shuka, akapiga simu.

Wa kwanza alikuwa Mama Nsimire, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa sauti kubwa ambaye ndiye aliyepokea kipande kirefu kuliko wote.

"Dawa gani, Mama Noëlla?"

"Ile nilikupa jikoni. Uitupe. Ao umuletee Noëlla. Armelle hakukufa na tension."

Nsimire akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Miye nalalaka na maombi. Pole na kilio, Mama. Huzuni inakuchanganya."

Wa pili alikata simu, kisha akamtumia aya ya Biblia kuhusu ndimi za uongo. Wa tatu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Weye njo uligawa. Ukinitaja, nitasema ni weye," naye akakata. Wote walikuwa wamekula kwake jana yake. Mama Solange hakupokea kabisa. Emérence alimpigia tena na tena, na kila mara simu iliita mpaka ikachoka. Mama Solange naye alikuwa anafanya usiku, akisafisha shule, na simu yake mchana ilikuwa imezimwa sauti kama za wenzake wote.

Jioni Noëlla alimkuta mama yake palepale kitandani.

"Kesho watu wote watakuwa hapa," alisema. "You tell them, or I will."

"Utamuua baba yako."

"Then he'll die of tension."

Maneno hayo yalikuwa makali, na Noëlla aliyajutia kabla hayajafika mwisho. Lakini hakuyarudisha.


Jumamosi nyumba ilijaa. Mchungaji Gires alikalia kiti cha Kizito, suti yake nyeusi ikimbana mabegani, na akazungumza vizuri kama kawaida yake. Akasema dada Armelle alikuwa askari. Akasema tension inawamaliza watu wetu kwa sababu ya kazi nyingi na mawazo mengi, tupumzike, tumtumaini Bwana. Akina mama wakaitika. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wengi na hakuwa mtu wa kupoteza nafasi, akakumbusha habari ya sahihi.

"Ile gari ya badrogué tutaiondoa. Batoto betu habatafundishwa kwamba kuna dawa ya kurudia zambi. Shemasi Kizito iko na karatasi pale mezani. Musitoke bila kusaini."

Noëlla alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, koti mwilini, mkono mfukoni umeshika lile boksi la dawa ya kupuliza alilolitoa tena kabatini kazini. Alimtazama mama yake. Emérence alikuwa anapita na sinia la vikombe na hakumtazama mtu. Alikuwa ameamua kutosema. Ukweli ndio huo: alikuwa amelala na jambo hilo, akaamka nalo, na kati ya sufuria la kwanza na la pili akaamua kwamba ameshawapigia, wameshasikia, ni watu wazima.

Ndipo Papa Solange alipoingia, peke yake, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kuchelewa. Akapeana mikono na wanaume, akafika mbele ya Emérence, akainamisha kichwa.

"Pole sana, Mama Noëlla. Mama Solange anakusalimia. Alifanya usiku. Angekuja, lakini nimemuacha amelala. Leo analala vizuri kabisa, anakoroma, nikafunga mulango polepole. Nimemukataza mutoto wetu Solange asimulamushe, aache mama yake alale. Atakuja mangaribi."

Emérence akainua macho kutoka kwenye sinia.

"Anakoroma?"

"Ee, Mama."

"Toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi. Alikuwa amechoka."

Emérence aliweka sinia chini, sakafuni, katikati ya miguu ya watu.

"Wende umulamushe," alisema. "Sasa hivi. Papa Solange, wende. Armelle hakukufa na tension. Armelle alikoroma vile vile, na miye nilimufungia mulango, nikaenda kuanika nguo. Alimeza kidonge. Bibi yako iko nacho. Ni miye nilimupa. Nilivikata na mukasi ya samaki mu jiko ya kanisa, nikamupa, nikamupa Nsimire, nikabapa hawa bote munaobaona. Batu ya hapa nyumbani tulisema tension, ni uongo, na juu ya uongo yetu bibi yako amemeza tena."

Noëlla alikuwa ameshamshika Papa Solange mkono wa koti.

"Bibi yangu haiko drogué," alisema yule baba. Uso ulimvimba kwa aibu, maana watu wote walikuwa wanamtazama. "Uniache, mutoto. Bibi yangu ni mama wa kanisa."

"Papa Solange, twende," alisema Noëlla. "Utanitukana njiani."

Akamvuta. Mlango ukabaki wazi nyuma yao, na kutoka sebuleni walimsikia Noëlla akishuka ngazi za nje kwa kukimbia, simu sikioni, akiwatajia watu wa ambulensi jina la mtaa.

Baada ya hapo walimgeukia Emérence.

"Mama Noëlla," alisema mchungaji, "majonzi njo inasema. Haiko weye."

"Ni miye, Pasteur."

"Muongo," alisema Nsimire. Alikuwa amesimama. "Umekosa haya. Unachafua maiti ya dada yako mwenyewe, na sisi pamoja naye. Miye unipe dawa? Miye?"

"Nsimire, nilikufungia mu kitambaa ya karatasi. Ulisema niongeze."

"Muongo."

Wengine wakadakia. Mmoja alisema aliona tangu zamani kwamba nyumba hii ina kitu. Mwingine alisema binti asiyejibu wakubwa kwa lugha yao ataletaje baraka. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kama polisi watakuja, na aliposema polisi, wanaume watatu wakakumbuka kazi zao wakatafuta makoti. Kizito alizikusanya karatasi za sahihi, akazipanga kingo kwa kingo, akazipanga tena.

Katikati ya kelele hizo, Mama Nsimire alichukua mkoba wake, akauliza choo kiko wapi.

Kilikuwa juu. Akapanda. Wakasikia maji. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa imelowa, hakumtazama mtu. Mama wa pili alikuwa ameshafika kwenye ngazi, mkoba umebanwa kwapani. Kisha wa tatu. Foleni ikajipanga yenyewe bila neno, akina mama wa heshima wa kwaya, kila mmoja na mkoba wake, na tangi la choo halikupata nafasi ya kujaa kabla halijavutwa tena.

"Musitupe zote," Emérence aliwaambia kutoka chini ya ngazi. "Munibakizie moja tu, bakaipime. Sitasema ni ya nani."

"Nilikuwa nanawa mikono," alisema mmoja akimpita.

Wa mwisho kupanda alikuwa mke wa mchungaji. Emérence hakuwahi kumpa kitu. Wala Armelle hakumpa, maana wote wawili walimwogopa. Kuna mtu mwingine aliyemgawia, na pengine huyo naye aligawiwa na mwingine, na Emérence alipomwona akipanda ndipo alipoelewa kwamba hajui tena vidonge vile vimefika wapi. Mchungaji Gires aliyasikiliza maji yakinguruma darini juu ya kichwa chake. Mke wake alikaa huko muda mrefu kuliko wote.

Waliondoka bila kuaga. Wengine walirudi jikoni kuchukua masufuria yao, na hawakuyamimina kwanza. Sombe ya Nsimire ilirudi kwake ikiwa nusu, na kwenye matanga hilo ni sawa na kumtemea mfiwa mate. Shemasi mwingine alikuja kusema viti vya kanisa vitahitajika Jumapili. Kizito akavikunja mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga mlangoni.

"Umetumaliza," alimwambia mkewe walipobaki wawili. "Kanisa. Croydon. Jina yetu. Na Armelle umemufanya nini? Batamukumbuka sawa nani?"

Emérence alikuwa ameketi kwenye ngazi, simu mapajani, na hakuwa anafikiria kanisa wala Croydon. Alikuwa anamsubiri mtu mmoja. Akifa yule, hakuna alichokiokoa, na aliyosema yote yatakuwa matusi tu.

Simu ikaita.

"Mama." Noëlla alikuwa anahema. Nyuma yake palikuwa na makelele, watu wengi, mlango unabamizwa.

"Anapumua?"

"Alikuwa bluu, Mama. Hakuwa anapumua tena. Nilimpulizia moja, nothing, nikampulizia ya pili. Ambulensi iko hapa. Ameamka." Akalia kidogo, akajizuia. "Unasikia hizo kelele? Ni yeye."

"Anasema nini?"

"Anakutukana. I'm not repeating it."

"Mupe simu."

"Mama, no."

"Noëlla. Umupe simu."

Kukawa na mvutano wa mikono, na sauti ya mwanamume mgeni akisema madam, madam. Kisha sauti ya Mama Solange ikaingia, nzito, yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyetolewa chini ya maji. Akasema Emérence ni nyoka. Akasema amemletea wanaume chumbani akiwa na gauni la kulalia, mtaa mzima uko nje unamtazama, na wazungu wamemuuliza mbele ya mtoto wake kama anatumia madawa. Akasema nani sasa atampa funguo za shule. Akasema umemuua dada yako, sasa njo unatafuta wa kuandamana naye.

Kizito alisikia hilo la mwisho kutoka alikosimama. Alisogea, akanyoosha mkono.

"Ukate, Mama Noëlla. Hauna lazima ya kusikiliza ile."

Emérence alitikisa kichwa. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, machozi yakimfika shingoni, na hakuyafuta. Upande wa pili Mama Solange alikohoa, akanyamaza. Sekunde zikapita. Emérence alisimama wima kwa hofu.

"Mama Solange," alisema. "Endelea. Unitukane. Endelea."

Akasikia mwenzake akivuta pumzi, ndefu, ya hasira, na matusi yakaanza upya.